Pori Lako Limefika Jikoni Kwetu

Domitila,

Nakuandikia kama jirani mwenye malalamiko. Ungekuwepo ningesimama kwenye uwazi wetu pale mpakani nikuite, ungetoka na jembe begani, ungesema, "Mwalimu, sema haraka, jua linanichoma," na malalamiko yangu yangeishia hapo. Sasa nikisimama pale nasikia majani ya migomba tu. Kwa hiyo naandika.

Kibanja chako kimeingia kwetu.

Hakikuingia kwa siku moja. Tulipokuzika kilikuwa bado kama ulivyokiacha, majani makavu yamepogolewa, nyasi zimetandazwa chini ya migomba hata udongo hauonekani. Waliokuja msibani walikisifu. Mama mmoja mgeni alisema hajapata kuona kibanja kilichotunzwa hivyo na mwanamke aliyerudi kwao, nami nikamchukia kwa jinsi alivyolitamka hilo "aliyerudi kwao", ingawa alikuwa anakusifu. Kisha matanga yakaisha. Baba yako mdogo, Ta Kalokola, akafunga mlango wa nyumba yako kwa kamba ya mgomba, akasema ukoo utamsubiri Deo, maana kaka yako ndiye mrithi. Watu wakatawanyika. Mvua za vuli zikaanza.

Kwanza vilikuja vishona nguo. Mama alikuwa akitoka kuchuma mboga, khanga imejaa vijiti vyeusi, anakaa mlangoni kuvitoa kimoja kimoja. Halafu ikaja sangari, nyasi ile inayotambaa chini kwa chini. Unang'oa kipande upande wako wa mpaka, kumbe mzizi umeshafika kwenye maharage yetu. Halafu migomba yenyewe. Hakukuwa na wa kupunguza machipukizi, basi kila shina likazaa umati, na umati ukasukumana hata mengine yakavuka. Lipo moja limeota katikati ya viazi vya mama. Nilipochukua jembe nikaling'oe, mama akanizuia. "Liache, hilo ni la Domitila," akasema, kama mtu anayesema mbuzi wako amekata kamba.

Unajua mama hakuwahi kusema mengi. Tangu uondoke anasema machache zaidi. Tunakula ndizi zetu jioni, mimi na yeye, na kijiko kikigonga sahani nashtuka. Shuleni naongea kutwa, lakini naongea yale ya ubaoni. Walimu wenzangu ni watu wema. Wananiambia nitafute uhamisho, niende Bukoba mjini au mbali zaidi, msichana mwenye cheti kama changu anakaa kijijini akitafuta nini. Siwajibu. Ningekuwa na wa kumjibu, ni wewe, na wewe usingeuliza.

Unaukumbuka uwazi wetu? Swali la kijinga. Ulikuwa wako kuliko wangu. Mpaka wote wa vibanja vyetu ni mstari wa milamula, ile miti myembamba yenye majani marefu ambayo babu zetu waliipanda wasigombane, na ambayo mtu mwenye akili haigusi. Lakini pale katikati, jiko lenu linapotazamana na jiko letu, mlamula mmoja ulikufa sisi tukiwa wadogo kwa sababu ya miguu yetu, na hakuna aliyeupanda tena. Mama zetu walipitisha hapo makaa ya moto asubuhi. Mama yako alikuwa akisema moto hauwezi kuzungushwa barabarani, utazimika. Basi pakabaki wazi. Tukapita hapo na maji, na chumvi, na vitabu vyangu ulivyokuwa ukivishika kwa ncha za vidole ili visichafuke, na siku ile uliporudi kutoka kwa mumeo na kikapu kimoja, ulipita hapo kuja kwetu kwanza, kabla ya kwenda kwa mama yako.

Na mimi niliporudi kutoka chuoni. Nilikuwa nimevaa viatu vile vyeusi. Nilipita kwenye uwazi, nikasimama mbele ya jiko lako, nikapiga hodi, kwa sababu kule nilikotoka ndivyo tulivyozoea. Ukatoka na mwiko mkononi. "Hodi ya nini? Umekuwa mgeni lini?" Ukanishika bega, ukanirudisha hadi mpakani, ukanisukuma upande wetu. "Haya. Ingia tena kama mtu." Nikaingia kimya, ukanitupia kahawa ya kutafuna, nikaidaka, ukasema afadhali, mkono bado ni wa hapa.

Sasa uwazi umezibwa na pori. Na pori halikuishia hapo. Wiki moja baada ya Krismasi mama alikuta nyoka amejikunja nyuma ya mafiga. Jirani akamwua, na kesho yake balozi wetu wa nyumba kumi akaja kuangalia.

"Mwalimu, hili pori ni la nani?"

Nikamwambia ni kibanja cha Deo.

"Deo yuko wapi?"

"Kampala."

"Kampala siku hizi ni mbali," akasema. Kweli ni mbali, tangu nchi hizi mbili zikosane. Barua yangu ya kumweleza kifo chako sijui kama ilivuka mpaka wa nchi, jibu halijaja. Balozi akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba ofisi ya kijiji imetangaza: kibanja kisicholimwa kitapewa anayeweza kulima. Wapo watu waliohamishiwa kijiji kipya kule kwenye rweya, uwanda wa nyasi tupu ambako mgomba haushiki bila miaka ya samadi. Wanapita barabarani wakitazama vibanja vyetu. Siwezi kuwachukia, Domitila. Nawafundisha watoto kwamba ardhi ni ya anayeitumia, na nikilifundisha hilo naliamini. Lakini usiku ule ule nilifikiri juu ya kaburi lako, lililo kati ya mibuni, pembeni ya la mama yako. Mgeni atakuja na jembe lake na watoto wake wenye njaa, na hatakuwa na ubaya wowote, na atapanda maharage hadi kwenye mawe yako, na akiona mawe yanamzuia atayasogeza kidogo. Na Deo akirudi atakuta nyumba ina moshi wa watu wengine.

Wa kuzuia hilo hakuwepo. Ukoo wako uko Nyanga, siku nzima ya safari kwa watu wenye vibanja vyao wenyewe. Mimi nilikuwa hapa, naona. Lakini unajua kwetu. Mtu haingii na jembe katika kibanja cha marehemu ambaye si wa ukoo wake. Ukipalilia utaulizwa unakusudia kuvuna nini. Hata wewe mwenyewe, uliyekitunza miaka yote ile, ulikuwa unakitunza kwa jina la Deo, kama mimi ninavyotunza hiki cha kwetu kwa jina la baba. Mimi na wewe hatukuwahi kuwa na ardhi. Tulikuwa na majembe.

Basi nikafanya nililoruhusiwa. Kila Jumamosi nilisimama upande wetu wa mpaka na panga, nikakata kila kilichovuka. Milamula nayo ilikuwa imerefuka ikatulalia, nikaipunguza matawi ya upande wetu, kama inavyokubalika. Na vyote nilivyokata nilivitupa kwako. Nilitupa kwa nguvu. Nilikuwa na hasira nawe, sikufichi. Kila tawi nililorusha nilikuwa nakurushia wewe: chukua, ni lako hili, ulijua hutapona, kwa nini ulisema ni homa tu, kwa nini ulinituma nirudi shuleni siku ile. Nikimaliza mkono unauma, nanawa, nasahihisha madaftari. Mama alikuwa ananiona. 

Kisha ikaja masika.

Ta Kalokola alisikia habari ya ofisi, akapanda basi la Muleba, akateremka kwetu. Alianzia kwako. Tulimwona akipenya porini na fimbo yake, kofia inaonekana, inapotea, inaonekana. Kisha akasimama sana mahali pamoja. Alipokuja kwetu hakupita mpakani. Alizunguka hadi barabarani akaingia kwa mbele, na mama alipomtandikia nyasi akae, hakukaa.

"Mwalimu," akasema, "hicho cheti ulichopewa ni cha kupimia ardhi za wafu?"

Sikuelewa. Akanipeleka. Ndani ya kibanja chako, hatua chache kutoka mpakani, ulikuwa umeota mstari wa milamula michanga, mibichi, imenawiri kwa mvua, inafuata mpaka wetu toka mwanzo hadi mwisho kama mtoto anavyomfuata mama yake. Mpaka mpya. Nami ndiye niliyekuwa na panga pale kila Jumamosi, kijiji kizima kinajua.

Kesho yake tulikaa uwanjani kwako, maana shauri lilikuwa la hapo. Balozi alikuwepo, na wazee wa jirani, na wanawake ambao hawakuitwa lakini walikuwa wanapita. Mama alikaa karibu nami. Nadhani unajua kitu kama hicho kwetu ni nini. Mwizi wa mkungu hucheka na watu baada ya mwaka. Anayehamisha mpaka wa marehemu, hata watoto wake hawaposwi.

"Kaburi halijakauka," alisema mmoja.

"Na msomi ni msomi," akasema mwingine. "Hata wizi wake umenyooka kama mstari wa daftari."

Watu wakacheka. Nilikuwa na maneno. Ninayo siku zote, ulikuwa ukinitania kwamba nikiamshwa usingizini nitaanza na "kwanza" na "pili". Siku ile yote yalikauka. Nikasema neno moja tu, "Sikupanda."

"Sasa imepandwa na nani," akauliza mzee mmoja, "Domitila?"

Wakacheka tena, halafu kicheko kikakatika, na nikaona wengine wanatazama kule kwenye mibuni. Nitakuambia ukweli. Na mimi nilitazama. Nilikuwa nimefikia mahali ambapo ningefurahi kama ungekuwa wewe.

Ta Kalokola akainuka kwa hasira. Akasema ataing'oa yote mbele ya macho yetu, na mti mmoja ataupeleka ofisini kama ushahidi. Akashika wa kwanza, akavuta. Haukutoka kama mti unavyotoka. Ulikuja kwa ubavu, ukipasua udongo, na pamoja nao likaja tawi zima, refu, lililokuwa limelala chini ya magugu. Mizizi ilikuwa imetoka tumboni mwake kama nywele, na kile tulichokiona juu kilikuwa chipukizi tu lililochomoza ubavuni. Mwisho wa tawi palikuwa na alama ya panga. Akavuta wa pili. Nao ulikuwa umelala. Wa tatu ulikuwa na kichwa chini, umeota hivyo hivyo.

Akabaki amelishika lile tawi. Unamjua, hapendi kukosea mbele ya watu.

"Nani hupanda mti umelala?" akauliza, lakini kama anajiuliza.

"Labda shuleni wanapanda hivyo," akasema balozi, na safari hii hata mama alitabasamu.

Kila mtu pale anajua kwamba mlamula ukitupwa popote huota. Ndiyo sababu babu zetu waliuchagua. Mimi pia najua, tangu utotoni. Ila nilipokuwa natupa sikuwa nafikiri juu ya miti. Ta Kalokola akatazama kutoka mpakani hadi pale aliposimama, akapima kwa macho.

"Ulikuwa unatupa," akaniambia.

"Nilikuwa natupa."

"Kutoka kule? Kwa nguvu hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Kila mara?"

Niliyatazama yale matawi yaliyolala. Mstari ulikuwa umenyooka kwa sababu hasira yangu ilikuwa na urefu ule ule kila Jumamosi. Nadhani aliona. Yeye ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza lako, na nilimwona siku ile akikataa kupokelewa hadi kaburini. Akatia mkono mfukoni, akatoa kifuko chake cha kahawa, akanipa ya kutafuna, na akatafuna na yeye. Basi. Kwetu hapo maneno yamekwisha, na waliokuwa wamecheka wakaanza kuulizana habari za mvua.

Lakini shauri halikuwa limekwisha, maana ofisi ilikuwa bado inasubiri. Ta Kalokola akasema mbele ya balozi kwamba ukoo unamwomba Mwalimu apalilie kibanja hiki kwa jina la Deo hadi Deo arudi au ipatikane habari yake. Mikungu itakatwa na watu wa ukoo, na kahawa itachumwa na wao. Mimi nitachukua nyasi na majani. Balozi akakubali. Kibanja kinacholimwa si pori, akasema, na kisicho pori hakigawiwi. Atapeleka neno hilo mwenyewe. Nilitaka kupiga magoti. Ndicho nilichokuwa nakitaka miezi yote bila kuthubutu kukitamka.

"Kitu kimoja," akasema Ta Kalokola. Alikuwa amegeuka anatazama uwazi wetu. "Wewe sasa utakuwa na jembe pande zote mbili. Nakuamini. Lakini mimi nitakufa, na mama yako atakufa, na siku moja mtu atauliza kwa nini vibanja viwili vina mlango katikati. Atasema vilikuwa kimoja. Mpaka uwe kamili, waitu, mwanangu. Kwa ajili yako, na kwa ajili ya Deo."

Alikuwa na haki. Nilitafuta kosa katika maneno yake, unanijua, nikakosa. Akachagua katika ile aliyoing'oa tawi lenye mizizi mingi, akalikata vizuri, akanipa mkononi.

"Panda wewe."

Nilifyeka pori pale kwenye uwazi. Chini yake njia yetu ilikuwa bado ngumu, Domitila, jembe liliruka mara ya kwanza. Nikachimba pale miguu yetu ilipoua ule wa zamani. Nikausimamisha, nikafukia, nikakanyaga kwa kisigino kama tunavyokanyaga. Mama aligeuza uso, akajifanya anaita kuku. Nilijua utashika. Hiyo miti haikatai.

Kwa hiyo kibanja chako kimepona. Hilo ndilo lililobadilika, nalo ni jema, narudia kujiambia.

Jumamosi iliyofuata nilichukua jembe, nikaenda moja kwa moja hadi mpakani kwa mazoea, nikasimama mbele ya ule mlamula mdogo. Kisha nikarudi, nikatoka kwa mbele ya kwetu, nikashika barabara, nikaingia kwa njia yako kubwa. Unajua sijawahi kuingia kwako kwa njia hiyo ila tukiwa tumekubeba? Ni ndefu. Migomba imeinama pande zote. Nilipofika uwanjani nikasimama, na kabla sijafikiri mdomo wangu ulikuwa umeshasema hodi. Nikasubiri. Hakutoka mtu wa kunirudisha.

Nimepalilia kuanzia kaburini kwenda nje. Sangari nimeifuata hadi kwenye ncha, kama ulivyokuwa ukitaka, na machipukizi nimeyapunguza, nimebakiza mama na mtoto na mjukuu kwa kila shina. Mawe yako yote yapo. Kahawa yako imeiva, nyekundu kabisa, na watu wa Nyanga wanakuja kuichuma wiki ijayo. Lile chipukizi lililo kwenye viazi vya mama, nilimwuliza Ta Kalokola nilifanyeje, kwa kuwa sasa kila kitu lazima kiwe na upande. Alimtazama mama. Mama alikuwa anatazama chini. Mzee akasema ameona viazi tu pale, hakuona mgomba. Basi ni letu. Limeshanipita kiuno.

Bado nina hasira kidogo. Sitaki iishe yote, maana ikiisha sijui nitakuwa nakushika kwa kitu gani.

Lala vizuri, rafiki yangu. Nakuahidi pori halitafika tena kichwani kwako mradi nina mkono. Deo akirudi nitamkabidhi kibanja kisafi, nami nitabaki upande wetu. Uhamisho sijaomba. Na Jumamosi ukisikia hodi inatoka kule barabarani, usiulize nimekuwa mgeni lini. Ni mimi. Nimezunguka tu.

Jirani yako,
Paulina